Govern, rule au reign? Kiswahili tuna "kutawala" tu

Niliwahi kuletewa mkataba wa kukodi ghala, Kiingereza upande mmoja na Kiswahili upande wa pili, niupitie kabla haujasainiwa. Mwenye ghala alikuwa mzee mfanyabiashara wa mbao. Alisoma Kiswahili chake taratibu, miwani puani, kidole kikifuata mstari. Kufika kifungu cha mwisho akasimama.

"Mwanangu, hapa wameandika mkataba huu utatawaliwa na sheria za Tanzania. Unatawaliwa vipi? Kama mkoloni alivyotutawala sisi?"

"Hapana, mzee wangu. Hiyo ni kamusi tu."

Aliyetafsiri aliona "governed", akafungua kamusi, akakuta "-tawala", akamaliza kazi. Simlaumu sana. Tafuta kwenye kamusi "govern", kisha "rule", kisha "reign", na mara nyingi utarudishwa mlango uleule: tawala. Kwa matumizi ya kila siku hakuna aliyeumia. Balaa huanza Kiingereza kinapoyatumia mawili kati ya hayo ndani ya sentensi moja ili kuyatofautisha. Mwaka 1830 mwanahabari Mfaransa Adolphe Thiers aliandika katika gazeti la Paris, Le National, maneno ambayo Waingereza wanayapenda hadi leo: "The king reigns but does not govern." Peleka hayo kwenye kamusi yako, utapata: "Mfalme anatawala lakini hatawali." Msomaji atadhani umelewa.

Kwa hiyo tuyaweke ubavu kwa ubavu, tuone kila moja limetoka wapi na linafaa wapi. Mwenye haraka achukue hili kwanza: "govern" lina mkono kwenye usukani, "rule" lina rula mkononi, "reign" limekaa kwenye kiti. Mengine yote yanatoka humo.

Govern: mshika usukani

Neno hili lilizaliwa baharini. Wagiriki wa kale walikuwa na kitenzi "kybernan", kukiongoza chombo kwa usukani, na mwenye kazi hiyo wakamwita "kybernetes". Warumi walilichukua likawa "gubernare". Katika Kifaransa cha zamani b ikalainika ikawa v, likawa "governer", na kwa njia hiyo likafika Uingereza, nchi iliyotekwa na Wanormani mwaka 1066 na ambayo wakubwa wake waliongea Kifaransa kwa vizazi kadhaa. Katika maandishi ya Kiingereza linaonekana tangu mwishoni mwa karne ya 13.

Ile b ya Kirumi haikufa. Msomaji wa magazeti ya Kiingereza ya Nairobi huikuta kila uchaguzi unapokaribia, wanapoandika "gubernatorial race", yaani mbio za ugavana. Wengi hudhani ni neno jingine kabisa. Ni lilelile, ila lilichukuliwa kwa Kilatini moja kwa moja bila kupitia kwa Mfaransa.

Picha ya usukani haihitaji mkalimani kwa mtu wa pwani. Jahazini nahodha ndiye mwenye amri, lakini kuna aliyeshika usukani, na kazi yake haina mapumziko. Upepo ukigeuka naye anageuza, mkondo ukivuta yeye anarudisha. Hana uwezo wa kuuamrisha upepo; kazi yake ni kutazama na kusahihisha. Plato aliutumia mfano huo karne nyingi kabla ya Kristo, akaufananisha mji na merikebu ambayo mabaharia wanagombea usukani ilhali hakuna hata mmoja aliyejifunza kuongoza chombo. Nasi Kiswahili chetu kinasema rais mpya ameshika usukani wa nchi, na hatukumwazima Plato.

Na tazama neno hili lilivyosafiri nje ya siasa, kwa sababu hapo ndipo maana yake inapoonekana vizuri zaidi. Mwaka 1788 James Watt alifunga kwenye injini yake ya mvuke kifaa kilichoitwa "governor": vitufe viwili vizito vinavyozungushwa na injini yenyewe. Injini ikizidisha kasi, vitufe vinatanuka na kupanda, vinabana njia ya mvuke. Kasi ikishuka, vinashuka navyo na kuifungua. Mwaka 1868 mwanafizikia James Clerk Maxwell aliandika makala ya hisabati juu ya vifaa vya aina hiyo. Halafu mwaka 1948 mwanahisabati Norbert Wiener, akitafuta jina la sayansi yake ya udhibiti na mawasiliano katika viumbe na mashine, akarudi kwa yule mshika usukani wa Kigiriki akaiita "cybernetics". Kutoka hapo tukapata kila kinachoanza na "cyber". Kibanda kile mtaani kwako kilichoandikwa "cyber", unakochapishia barua ya maombi ya kazi, ni binamu yake gavana wa kaunti. Wanaoshughulika na seva nao wana Kubernetes, programu iliyotolewa na Google mwaka 2014: jina ni Kigiriki cha mshika usukani, na nembo yake ni usukani wa meli wenye mikono saba.

Afrika Mashariki tunacho kifaa cha Watt barabarani. Kanuni za Waziri John Michuki zilipoanza kutekelezwa Kenya mwaka 2004, kila matatu ilitakiwa iwe na kidhibiti mwendo kisichoiruhusu kupita kilomita 80 kwa saa. Makanga na madereva hawakusema kidhibiti mwendo, walisema spidi gavana, na ndivyo wasemavyo mpaka sasa. Miaka tisa baadaye, 2013, Kenya ikapata magavana wengine 47, wa kuchaguliwa. Utani juu ya nani kati ya hao wawili anadhibiti zaidi matumizi nawaachia wenyewe.

Kwa hiyo "govern" ni kuendesha kunakoendelea, hatua kwa hatua, kwa kufuata njia iliyokwisha kuwekwa. Ndiyo maana Kiingereza hulitumia kwa serikali zilizochaguliwa, kwa bodi za shule, na kwa vitu visivyo na roho kama vifungu vya mkataba. Kwa Kiswahili mimi huanza na "kuendesha" au "kuongoza" kukiwa na watu, na "kusimamia" au "kuongoza" kukiwa na sheria na kanuni. "Kuendesha" nalipenda hasa, kwa kuwa limebeba usukani wake mwenyewe: unaendesha gari, unaendesha mashua, unaendesha serikali.

Lile kongwe "governance" lilikuwa limesinzia kwa muda mrefu. Liliamka kwa kishindo mwaka 1989, Benki ya Dunia ilipotoa ripoti juu ya Afrika kusini mwa Sahara na kusema tatizo letu ni "crisis of governance". Tanzania ikalipokea kwa "utawala bora", na tangu 2001 jina hilo limo kisheria ndani ya Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Kwa maoni yangu "uongozi bora" au "uendeshaji bora" lingesema ukweli zaidi. Lakini jina la chombo cha dola halibadilishwi na mfasiri. Ukikutana na "good governance", andika utawala bora uende zako.

Rule: kijiti kilichonyooka

Fungua mkebe wa jometri wa mtoto wa shule. Ile rula imo ndani ya neno hili. Kilatini "regula" kilikuwa kijiti kilichonyooka cha kupigia mstari, kutokana na "regere", kunyoosha na kuongoza. Kifaransa cha zamani kikafanya "reule", Kiingereza "rule". Ukoo wake ni mkubwa: "regular", "regulation", "direct", na hata "rex", mfalme, ambaye tutakutana naye mbele kidogo.

Hapa kuna jambo linalonifurahisha kila nikilifikiria. "Rule" kama nomino sisi twaliita kanuni. Kanuni tumeipata kwa Waarabu, "qanun", nao waliipata kwa Wagiriki, "kanon", ambayo ni nini? Fimbo iliyonyooka ya kupimia, iliyotokana na jina la tete. Kijiti cha Mrumi na kijiti cha Mgiriki vimefika kwetu kwa njia mbili tofauti kabisa, kimoja kwa jahazi na kingine kwa meli ya Mwingereza, vikakutana darasani: kanuni ubaoni, rula mezani.

Anayeshika rula ana nguvu ya kusema mstari upite wapi, na ulichobaki nacho wewe ni kuufuata au kuukiuka. Hiyo ndiyo ladha ya "rule" kama kitenzi: amri inatoka juu na kushuka chini, na mara nyingi aliye chini hakuulizwa. "Colonial rule", "military rule", "divide and rule". Nchi inayotawaliwa kwa mabavu inakuwa "ruled", na mtu akiandika "governed" hapo atakuwa anampamba mtawala.

Waandishi wa habari wa Kiingereza wanajua sana mchezo huu. Daniel arap Moi alikuwa rais wa Kenya kuanzia 1978 hadi 2002. Mwandishi asiyempenda ataandika "ruled Kenya for 24 years". Anayemheshimu ataandika "led" au "served". Tarehe ni zilezile, hesabu ni ileile, ila kitenzi kimeshatoa hukumu. Mfasiri anayeweka "alitawala" kote kote anaifuta hukumu hiyo bila kujua, au anaiongeza mahali ambapo haikuwepo.

Mahakamani rula inabaki rula: jaji "rules", yaani anachora mstari kati ya linaloruhusiwa na lisiloruhusiwa. Tanzania "ruling" ni uamuzi, na inayotolewa katikati ya shauri wanasheria huiita uamuzi mdogo; hukumu ni "judgment". Usizichanganye, kuna watu wamekosa usingizi kwa kuambiwa hukumu imetoka kumbe ni uamuzi wa pingamizi tu. "Rule out" nalo ni kupiga mstari juu ya kitu na kukiondoa: polisi hawajaondoa uwezekano wa hujuma. Na "ruled paper" ni karatasi ya mistari. Basi.

Reign: aliyekalia kiti

Hili ni jepesi kuliko yote, ingawa ndilo linalokosewa sana kwa tahajia. "Rex" alikuwa mfalme wa Kirumi, ufalme wake ukaitwa "regnum", na kuwa mfalme kukawa "regnare". Mfaransa akafanya "regner", Mwingereza "reign", na g imebaki pale kama mzee wa ukumbi asiyesema neno.

"Reign" halielezi kazi. Linaeleza kwamba fulani ndiye mwenye taji, basi, awe anafanya kitu au amelala. Mtoto wa miaka miwili aliyerithi kiti "reigns". Hawezi "rule" wala "govern" hata kidogo. Kwa sababu hiyo lina muda ndani yake, lina siku ya kuanza na siku ya kuisha, na nomino yake tunayo barabara: enzi. "During the reign of" ni "enzi za", na kiti chenyewe ni kiti cha enzi. Enzi imetokana na Kiarabu, utukufu na nguvu, na ndiyo iliyomo ndani ya Mwenyezi, mwenye enzi. Waliotafsiri Biblia ya Kiswahili walilisikia vizuri neno hili. Zaburi ya 93 inaanza "BWANA ametamalaki", wakaliacha "ametawala" pembeni. Leo kutamalaki kumebaki kanisani na kwenye ushairi, nalo ni hasara.

Elizabeth II anatosha kuwa mfano. Enzi yake ilianza 6 Februari 1952, siku aliyofariki baba yake, naye akiwa ziarani Kenya. Usiku ule alikuwa Treetops, hoteli ya juu ya mti katika msitu wa Aberdare. Iliisha 8 Septemba 2022. Katika miaka 70 hiyo mawaziri wakuu 15 walishika usukani wa Uingereza, kuanzia Winston Churchill mpaka Liz Truss, aliyeteuliwa siku mbili tu kabla ya malkia kufariki. Walioendesha serikali ni hao 15. Malkia alikuwa amekaa.

Kwa hiyo maneno ya Thiers mimi nayaweka hivi: "Mfalme amekalia enzi, lakini serikali haiendeshi yeye." Si mafupi kama ya kwake, lakini mtu anaelewa.

Sikukuu tatu, vitenzi vitatu

Kuna watu watasema tofauti hizi ni za Wazungu na wafalme wao. Hebu tutazame kalenda ya Kenya. Tarehe 1 Juni 1963 Wakenya walipata serikali yao ya ndani, Jomo Kenyatta akawa waziri mkuu. Siku hiyo ikaitwa Madaraka. Tarehe 12 Desemba 1963 bendera ya Uingereza ikashushwa: Uhuru. Tarehe 12 Desemba 1964 ikaja Jamhuri. Mtoto wa shule huuliza, na ana haki ya kuuliza, kwa nini mara tatu? Hatukuwa huru mara ya kwanza?

Vitenzi vinamjibu vizuri kuliko kitabu cha historia. Siku ya Madaraka Wakenya walianza "to govern", walikabidhiwa usukani wa mambo ya ndani. Siku ya Uhuru Uingereza iliacha "to rule", mstari haukuchorwa tena London. Lakini kwa mwaka mzima baada ya hapo Elizabeth aliendelea "to reign", alikuwa Malkia wa Kenya, na Malcolm MacDonald alikaa Nairobi kwa niaba yake kama Gavana Jenerali. Jamhuri ndiyo iliyofunga enzi hiyo. Hakuna anayeweza kuyasema hayo kwa "kutawala" peke yake bila kujikanyaga, na waliotangulia hawakujaribu: walitafuta majina matatu, madaraka, uhuru, jamhuri. Tanganyika ilipita njia ileile. Tarehe 1 Mei 1961 ilianza kujiendeshea mambo ya ndani, Julius Nyerere akiwa waziri mkuu. 9 Desemba 1961 uhuru. Kisha mwaka mmoja chini ya malkia, Sir Richard Turnbull akiwa Gavana Jenerali, hadi jamhuri ya 9 Desemba 1962.

Zanzibar ilikuwa imeonja mgawanyo huu mapema zaidi, na kwa uchungu. Baada ya kuwekwa chini ya ulinzi wa Uingereza mwaka 1890, sultani alibaki kwenye kiti chake. Usukani alishika Lloyd Mathews, ofisa wa zamani wa jeshi la majini la Uingereza, aliyekuwa waziri wa kwanza wa serikali ya sultani tangu 1891 mpaka alipofariki 1901. Rula ilikuwa mikononi mwa Waingereza: wao ndio walioamua nani atakaa. Sultani Hamad bin Thuwaini alipofariki Agosti 1896, Khalid bin Barghash aliingia jumba la mfalme bila kibali chao. Asubuhi ya 27 Agosti manowari zikalipiga jumba lile kwa mizinga, vita vya takriban dakika 38, na kiti akapewa Hamoud bin Mohammed. Khalid alidhani aliyekalia kiti ndiye mwenye rula.

Sentensi ninayowapa wanafunzi wa tafsiri kila mwaka ni hii: "During the reign of George V, Governor Donald Cameron introduced indirect rule in Tanganyika." Vyote vitatu vimo. Cameron alikuwa gavana kuanzia 1925 hadi 1931. Jibu ninalolikubali: "Katika enzi za Mfalme George V, Gavana Donald Cameron alianzisha Tanganyika utawala wa kupitia machifu." "Utawala usio wa moja kwa moja" ndio ulioenea vitabuni na sio kosa, ila unamwambia msomaji usivyokuwa, unamwacha akisie ulivyokuwa.

Ukirudi upande wa pili

Kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa "tawala" yetu ina kazi ambayo hakuna hata kimoja kati ya vitatu hivyo kinachoifanya. Chama tawala ni "ruling party", imeshazoeleka. Je, Katibu Tawala wa Mkoa? Nimewahi kuona barua iliyomwita "Ruling Secretary". Jina lake rasmi ni "Regional Administrative Secretary". Jengo la utawala shuleni ni "administration block", na TAMISEMI, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, nayo inaanza na "Regional Administration". Hapo tawala ni kushughulika na mafaili, mishahara na vikao.

Nadhani hiyo ndiyo maana iliyo karibu zaidi na chimbuko. Kiarabu "tawalla" ni kushika jambo ulisimamie, na ndugu zake tunao nyumbani: wali (wa cheo, si wa sahani), liwali, wilaya. Anayekabidhiwa wilaya amekabidhiwa dhamana. Uchungu uliomo katika "tulitawaliwa" nadhani uliongezwa na ukoloni, ndiyo maana mzee wangu wa mbao alishtuka. Ukilinganisha, Kiingereza nacho vitenzi vyake vyote vitatu kililetewa na watu waliokuja kukiteka; chenyewe kilikuwa na "wealdan", ambalo limebaki kama "wield", kushika silaha au madaraka. Nasi serikali tumeipata kwa Waajemi, "sarkar", mkuu wa kazi. Maneno ya ukubwa huja na wakubwa.

Kwenye mpira, "Simba walitawala kiungo" ni "dominated". Usithubutu "governed", labda kama walikuwa wanakusanya kodi pale katikati.

Haya ndiyo niliyoyabandika ukutani juu ya meza yangu, na si sheria, ni kumbukumbu tu:

| Kiingereza | Ninachoandika |
|---|---|
| This agreement is governed by the laws of Tanzania | Mkataba huu utaongozwa na sheria za Tanzania |
| the school's governing board | bodi ya uendeshaji wa shule |
| The army ruled for nine years | Jeshi lilitawala kwa miaka tisa |
| The court ruled that... | Mahakama iliamua kwamba... |
| rule of law | utawala wa sheria |
| the reigning champion | bingwa mtetezi |
| Silence reigned | Kimya kilitanda |
| He was given free rein | Aliachiwa hatamu |

Mstari wa mwisho una mtego. "Rein" ya hapo ni hatamu ya farasi, neno la ukoo mwingine kabisa, lakini kwa kuwa linatamkwa sawasawa na "reign", Waingereza wenyewe huandika "free reign" kila siku. Aliyekulia Tanzania ya chama kimoja hawezi kupotea: tuliimbiwa chama kimeshika hatamu, na hakuna aliyefikiria kiti cha enzi. Ukisikia kamba na farasi, ni "rein". Ukisikia taji, ni "reign".

Ukiwa bado unasitasita kati ya "govern" na "rule", jaribu kuongeza "badly" mbele yake. "They governed badly" ni serikali iliyoshindwa kazi: barabara mbovu, dawa hakuna. "They ruled badly" inakupeleka kwenye udhalimu. Kama sentensi yako inalalamikia dawa, chagua la kwanza.

Mkataba wa mzee tuliurekebisha, akasaini. Kinachonisumbua mpaka leo ni sentensi nyingine kabisa, ya Tangazo la Uhuru la Marekani la 1776, inayosema serikali hupata mamlaka yake ya haki kutokana na "the consent of the governed". Hawakuandika "the ruled", na kwa watu waliokuwa wanamkataa mfalme nadhani neno hilo lilipimwa. "Ridhaa ya wanaotawaliwa" ndiyo ninayoikuta kila mahali, na kila nikiisoma naona watu waliopigwa mstari kwa rula wakiulizwa kama wameridhika. Nilijaribu "ridhaa ya wanaoongozwa", ikawa kama kundi la kondoo. "Ridhaa ya wananchi" inasomeka vizuri, lakini usukani umetoweka. Kwenye rasimu yangu ya sasa nimeandika "ridhaa ya walio chomboni", kisha nimeizungushia kalamu nyekundu.